Ukilima chini ya bwawa, usipime mafuriko kwa mawingu ya kwako

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, wengi bondeni Rufiji wanasema mafuriko sasa basi. Mimi nalima mahindi na mpunga upande wa Utete, na ushauri wangu ni kwamba usipange msimu kwa kutegemea maneno hayo. Bwawa hupunguza mafuriko likiwa na nafasi ya kuyapokea tu.

Mvutano uko hapo. Hili limejengwa kwa ajili ya umeme, megawati 2,115 kwa mitambo tisa, na maji yakikaa juu ndivyo yanavyotoa umeme mwingi zaidi. Anayeogopa mafuriko anataka kinyume chake: masika yalikute bwawa lina pengo. Lakini ukiacha pengo kubwa na mvua zikagoma, nchi inaingia kwenye mgao. Pale Mtera, bwawa jingine la umeme, kina kikishuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo huzimwa, na Oktoba 2015 ukame ulisimamisha uzalishaji wa umeme wa maji nchini. Kwa hiyo simshangai mwendeshaji anayeyang'ang'ania maji. Ila ujue kwamba anayang'ang'ania, na wewe uko chini yake.

Kwa Nyerere, namba ya kushika ni 184. Hizo ndizo mita za kujaa, nazo zinahesabiwa kutoka usawa wa bahari. Umeme huanza kuzalishwa kuanzia 163. Ukisikia redioni mwezi wa Machi kwamba kina kimepita 183, usishangilie umeme peke yake. Mvua kubwa itakayofuata haitakuwa na pa kukaa, itapitishwa kuja kwetu. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti tuliona mashamba na nyumba zikizama. Na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, kwa hiyo jua linaweza kuwaka Utete huku mto unapanda. Mwenye ndugu Ifakara, kule Kilombero, ana faida kuliko mwenye mwavuli.

Kinachosahaulika ni kiangazi. Maji ya kwenye mitambo hutoka mwaka mzima, hivyo mto haushuki kama zamani, na mafuriko ya wastani hayapandi tena hadi mashamba ya juu. Sisi wa mlau, tunaopanda mahindi kwenye unyevu maji yanapoondoka, tunabanwa pande zote mbili. Tope lenye rutuba nalo hutuama bwawani, na maji yaliyoachana na tope hula kingo.

Ndiyo maana siku hizi sipandi kwa kufuata kalenda ya wazee. Nachimba kwa jembe hadi kina cha kiwiko, nachukua udongo na kuufinya. Ukishikana na kuacha kiganja kina majimaji, natia mahindi ya muda mfupi siku hiyohiyo. Ukishikana lakini ukavunjika kwa kidole, naweka kunde. Ukimwagika, pale pasubiri mvua za vuli. Mbegu ni ghali.

Pampu usiifunge ukingoni. Mto hupanda na kushuka kadiri mitambo inavyowashwa na kuzimwa. Yangu iko juu ya toroli, jioni inarudi juu. Ila usiipandishe mno, kwani pampu hizi zikipita mita saba hivi juu ya maji hazivuti kitu.

Tena turudishe madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Vijana wanayacheka, wanajenga tofali chini kabisa bondeni, halafu mbegu na mpunga vinalala sakafuni. Kibanda juu ya nguzo hakizuii maji, lakini gunia linabaki kavu.

Ofisa akija kwenye mkutano wa kijiji na kusema "maji yatafunguliwa, chukueni tahadhari", asiondoke na hayo tu. Mwulizeni kina ni mita ngapi leo na kinapanda kiasi gani kwa siku. Mwulizeni zitatolewa mita za ujazo ngapi kwa sekunde, na yatafika Mloka lini, Utete lini. Akitaja namba ambazo hakuna anayezielewa, mpelekeni kwenye ukuta wenye alama ya maji ya 2024, awaonyeshe kwa mkono: safari hii ni juu ya hapo au chini, na kwa kiasi gani.