Tuanzie wapi, tumalizie wapi? Mzee anataka kuona Liemba ilikotengenezwa

SWALI: Habari za huko Tabora mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye MV Liemba miaka mingi, sasa watoto wamechanga hela twende Ulaya siku 12, Uholanzi na Ujerumani, na mzee anachotaka ni kitu kimoja tu, kuuona mji wa Papenburg ilikotengenezwa ile meli. Kijana wetu katupangia hivi: Amsterdam siku 3, treni mpaka Berlin siku 4, turudi Amsterdam kupumzika siku 1, twende Hamburg siku 2, tumalizie Papenburg siku 1, halafu turudi tena Amsterdam kupanda ndege. Anasema tiketi ya kwenda na kurudi uwanja uleule ndo nafuu. Mimi naona kama tunazunguka mno ila sina uhakika. Na viza tuombe ubalozi gani? (Mama wa Mwanga, Kigoma)

JIBU: Shikamoo mama, na mzee mfikishie shikamoo yake. Umeona sawasawa, mnazunguka. Hebu fikiria mtu katoka Kigoma na treni, kafika hapa Tabora kabadili kaenda zake Mwanza, karudi Tabora kalala, ndo anakumbuka kumbe alikuwa na shughuli Isaka ambako treni ilishampitisha. Ndo hiyo plani ya kijana. Amsterdam mpaka Berlin ni kama masaa 6 ya treni, kwenda na kurudi siku 2 zimeishia dirishani, na Papenburg iko upande huu wa kuingilia, karibu kabisa na mpaka wa Uholanzi.

Mimi ningepanga Amsterdam siku 3, Papenburg 2, Hamburg 3, Berlin 4, halafu mnapandia ndege hukohuko Berlin. Hamrudi nyuma hata mara moja.

Kuhusu tiketi mwambie kijana asitafute ya kwenda na kurudi, achague ile ya miji mingi, mnaingilia Amsterdam mnatokea Berlin, tiketi moja. Mara nyingi bei haipishani sana, na hata ikizidi kidogo atoe nauli ya treni ya kurudi na hoteli ya ule usiku wa "kupumzika" aone nani kaokoa hela. KLM inatua Dar kwa hiyo inaweza kuwapeleka Amsterdam, na siku ya kurudi ikawachukua Berlin mkabadilishia ndege palepale Amsterdam. Ila hapo msikubali muda mfupi wa kuunganisha, kwa sababu pasipoti za kutoka zinakaguliwa Amsterdam sio Berlin, na toka Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa alama za vidole na picha mpakani, foleni zipo.

Sasa Papenburg, ambayo kijana kaiweka mwisho na siku moja. Hapana jamani! Kitu kilichomtoa mtu Kigoma hakiwekwi mwisho, mwisho watu miguu imevimba, hela imepungua, na treni ikichelewa siku hiyo ndo basi tena. Iwekeni mwanzo mzee akiwa na nguvu zake. Liemba ilijengwa pale 1913 kwenye kiwanda cha Meyer Werft ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipandevipande ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, yakapitia Hamburg mpaka Dar, Dar yakapanda reli ya kati ambayo ilikuwa ndo imefika Kigoma 1914, ikaungwa upya hapo kwenu ikashushwa majini 1915. Mkitoka Papenburg kwenda Hamburg mnafuata njia ya yale masanduku, mzee mwambieni hilo kabla hamjaondoka uone atakavyolala na tabasamu.

Kiwanda bado kipo kinafanya kazi, siku hizi kinatengeneza meli kubwa za watalii, ndani ya mabanda yaliyoezekwa, meli nzima chini ya paa. Zikiisha zinateremshwa mto Ems kwenda baharini kinyumenyume. Ila huingii tu kama unaingia sokoni, ni ziara ya kubuku mapema, kwa hiyo kijana abuku hiyo kwanza, halafu tarehe za hoteli zote zifuate hiyo. Wengi wanafanya kinyume, wanabuku hoteli zote ndo wanaanza kuulizia ziara, imejaa.

Njia ya kufika: treni ya Amsterdam kwenda Berlin inapita eneo la Rheine, mnashuka maeneo hayo mnaunga ile inayopanda kaskazini kwa Lingen na Meppen mpaka Papenburg. Rheine ichukulieni ndo Tabora yao. Ramani inaweza kuwaonyesha njia ya juu kwa Groningen inayoonekana fupi, ile ndo 2015 meli iligonga daraja la reli la mto Ems treni zikakatika kwa miaka, watu wakawa wanahamishiwa kwenye mabasi. Na magoti ya mzee mimi ningepita Rheine. Kutoka Papenburg kwenda Hamburg mnabadilishia Leer na Bremen, begi liwe moja kila mtu tena dogo, ngazi zipo na makuli hakuna.

Berlin inakaa vizuri mwisho kwa sababu ya zawadi pia, mkianza nayo mtayaburuza masweta ya wajukuu Ujerumani nzima. Ila maduka Ujerumani Jumapili yanafungwa. Mimi nilifika Jumapili nikazunguka na njaa mpaka nikaambiwa maduka ya ndani ya stesheni kubwa huwa wazi, nikala mkate mkavu nimesimama. Kama ndege yenu ni Jumatatu basi mmalize manunuzi Jumamosi. Na msiondoke bila kwenda makumbusho ya Museum für Naturkunde kumuona yule mjusi wa Tendaguru, mifupa ya dinosaria, kachimbuliwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, kasimama mita 13 na kidogo, Jumatatu kufungwa.

Amsterdam sisemi sana, ila nyumba ya Anne Frank (yule binti Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita ya Hitler) tiketi ni mtandaoni tu, zinatoka kila Jumanne, za kutembelea wiki 6 baadaye.

Viza: ni moja tu kwa nchi zote mbili, na inaombwa nchi mnayokaa siku nyingi, haijalishi mnashukia wapi. Uholanzi 3, Ujerumani 9, kwa hiyo ubalozi wa Ujerumani, Umoja House pale Dar, mtaa wa Mirambo (mtu wetu wa Tabora huyo). Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, msingoje hizo 15. Ada ni euro 90 kila mtu, na bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Na mkifika Dar fikeni siku 2 kabla ya ndege, treni yetu mnaijua wenyewe.

SWALI: Dada mambo, mimi na mchumba tunaenda Italia siku 5 na Ufaransa siku 5. Viza niombe wapi sasa? (Wa Kanyenye, Tabora)

JIBU: Poa jirani. Siku zikilingana ni nchi mnayoingilia kwanza. Mkianzia Roma ni ubalozi wa Italia, mkianzia Paris ni Ufaransa, kwa hiyo amueni pa kuanzia kabla hamjajaza fomu. Na mkianzia Paris, Jumanne pangeni kitu kingine, makumbusho ya Louvre yanafungwa.