Barua kwa mwanangu: weka huo msasa chini kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilishtuka. Unasema umepata Martini-Henry, ile bunduki kuukuu ya jeshi la Uingereza, mnadani, imetokea Nepal, imejaa grisi iliyogandamana na kutu, na unaniuliza ununue msasa namba ngapi na vanishi gani ili ing'ae kabla hujaitundika ukutani. Weka huo msasa chini, usiguse kitu mpaka umalize kusoma.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa Snider, yaani zile Enfield za 1853 za kushindilia baruti mdomoni ambazo Waingereza kuanzia 1866 walizikata nyuma wakaweka kifuniko cha kufungukia pembeni, ubunifu wa Mmarekani mmoja Jacob Snider, ili risasi iingie kwa nyuma. Kitako kilikuwa cheusi tii, mimi nikaona uchafu, nikakaa siku nzima nasugua nikapiga vanishi mikono miwili ikawaka kama kabati la sebuleni. Nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa anakusanya miaka mingi, kwa mbwembwe kabisa, akaigeuzageuza akauliza, mhuri wa kiwanda uko wapi? Upande wa kulia wa kitako huwa kuna mhuri wa duara umegongwa kwenye mbao. Ulikuwepo, niliula mimi na msasa wangu. Hakunisema kitu, alinirudishia tu bunduki yangu, afadhali angenitukana.

Kwa hiyo elewa, bunduki kuukuu za jeshi tunazinunua kwa maandishi yake, chuma na mbao tu hata stoo zipo. Shika hiyo Martini utazame ubavu wa kulia wa ule mwili wa chuma. Inatakiwa uone taji, herufi VR za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka, na namba ya Kirumi inayokwambia ni toleo la ngapi. Tafuta pia kamshale kadogo, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukikuta mishale miwili imegongwa inagusana ncha kwa ncha basi shangilia kidogo, maana yake jeshi liliitoa rasmi kwenye hesabu zake likaiuza. Na za Nepal mara nyingi zina maandishi ya Kidevanagari pia, yaani herufi zinazotumika kuandika Kinepali, ya jeshi la kule lililokuja kuzitumia. Wewe ulitaka kuyafuta yote hayo ili ing'ae!

Hizo za Nepal zilikaa kwenye jumba la zamani Kathmandu miongo na miongo mpaka mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walipozinunua kwa maelfu wakazisafirisha, ndiyo maana zinaonekana sokoni nyingi hivyo. Ila si zote ni za Uingereza. Kuna moja inaitwa Gahendra, waliitengeneza Wanepali wenyewe kwa mkono, kwa nje ukiitazama haraka utaapa ni Martini lakini ndani springi yake ni bapa wakati Martini ya Uingereza ina springi ya kujiviringisha. Mimi nazipenda sana hizo Gahendra, kuna watu wanazidharau, shauri yao. Kwa sababu zilichongwa moja moja kipuri cha hii hakikai kwenye ile, kwa hiyo ukiifungua usipoteze hata skrubu.

Feki zipo, na nyingi zilitoka kwenye karakana za mpakani huko kati ya Afghanistan na iliyokuwa India ya Waingereza, ambako mafundi walinakili kila kitu mpaka mihuri bila kujua kusoma. Utakuta N imegeuzwa, jina la kiwanda cha Enfield limekosewa spelingi, au VR halafu chini yake mwaka 1907 wakati malkia mwenyewe alifariki Januari 1901. Ukikuta hivyo usilie, nazo zina wapenzi wake, ila ukubali umenunua kazi ya fundi wa mlimani.

Halafu huo mwaka una kazi nyingine. Marekani kwa mfano, kwa sheria ya shirikisho bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla inahesabika ni antiki, yaani kitu cha kale, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yao, na nchi nyingine zina vipimo tofauti kabisa, kwingine ni lazima kibali hata kwa mzigo wa kutu. Uliza polisi wa huko uliko kabla hujaitundika, siyo baada. Sasa ukishausugua mwaka ukafutika utawathibitishia nini?

Haya tuje kwenye usafi. Kwanza vuta ule mkono wa chini nyuma ya triga ufungue uhakikishe hakuna risasi ndani, usicheke, niliwahi kukuta gobore la zaidi ya miaka mia bado limeshindiliwa. Siku ukinunua la namna hiyo ingiza ufito wa mbao mtutuni mpaka ugote, uweke alama, utoe uulaze juu ya mtutu, ukiona haujafika mwisho wa nyuma kuna kitu humo, mpe fundi wa silaha. Hiyo grisi ipake mafuta ya taa, iache ilainike, futa na kitambaa, rudia, itachukua siku kadhaa na madirisha yawe wazi na moto uwe mbali. Kutu nyekundu inayochafua kidole itoe taratibu kwa mafuta na stilwaya laini kabisa, lakini usikaribie mihuri. Ule ukahawia mweusi uliotulia uache, huo ni ngozi yake sasa. Mbao ifute tu, ikikauka sana matone machache ya mafuta ya kitani, vanishi hapana.

Kuifyatua usifikirie. Najua utaniuliza, maana risasi yake ni ya baruti nyeusi kama punje 85 (punje ni kipimo kidogo cha uzito) nyuma ya kipande cha risasi cha punje 480, na hujui chuma hicho kimepitia nini.

Kesho mchana ipige picha ubavu wa kulia, juu ya mtutu karibu na kizibo cha nyuma, na mbao zote mbili za kitako, mwanga uje kwa ubavu ili mihuri itoe kivuli, flashi inaficha kila kitu. Nataka kuona kama ni Martini au Gahendra, na kama ni Gahendra nina ofa ya kukupa.

Mama yako