Maua ya Uani: Chumvi, Asumini na Fundi wa Shimo

Masika yanakaribia na kila mwenye uwanja Tanga kashika jembe. Maswali yamekuwa mengi, nimechukua matano. Waliouliza mti gani unaleta mkosi ukipandwa mlangoni, hao nimewaachia wenye elimu yao.

Naishi Sahare, bahari naisikia nikiwa kitandani. Kila ninachopanda majani huungua pembeni kama yamepitiwa na moto. Niongeze mbolea?

Usiongeze kitu, dada. Hiyo ni chumvi inayoletwa na upepo. Maua yasubiri kwanza. Panda kinga upande wa bahari: mivinje, mikungu au minazi, ambayo chumvi imeizoea tangu zamani. Kinga ikishashika ndipo uweke bogenvilia na franjipani nyuma yake. Waridi mimi nisingehangaika nalo hapo. Halafu onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvichumvi, kila ndoo unayomwagia unaiongezea ardhi tatizo lilelile, basi kinga maji ya mvua kwenye pipa uyatumie kwa miche midogo.

Bibi yangu wa Ngamiani ana asumini chini ya mwembe. Majani tele, ua hata moja. Anataka maua ya kikuba na ananilaumu mimi.

Mpe bibi shikamoo yangu, na lawama azipeleke kwa mwembe. Asumini yataka jua la nusu siku au zaidi. Kivulini hurefuka tu na kutoa majani. Jambo la pili ni mkasi. Maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo isiyokatwa huzeeka ikabaki vijiti. Ipunguze kabla ya mvua. Na kama mmekuwa mkiitilia urea, acheni, maana urea hulisha majani.

Kuing'oa hapo sikushauri. Kata vijiti vichanga vya urefu wa shibiri, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, uvifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Vikishaota mizizi, mche mmoja upande karibu na dirisha la bibi, penye jua. Asumini hufunguka usiku, na asiyeamshwa na harufu ile hajalala Ngamiani.

Akitaka na langilangi, mwambie ule ni mti mrefu hasa ukiachiwa. Wakomoro wanaolima kwa ajili ya mafuta huukata kichwa mapema na kuinamisha matawi, ili mtu achume akiwa amesimama chini. Fanyeni hivyo hivyo.

Fundi kaniambia nipande mkungu kando ya shimo la choo, ati utanyonya maji. Nipo Chumbageni.

Shimo likipasuka fundi hatakuwepo. Mizizi huyafuata maji, hata kwenye ufa wa unene wa kucha. Mkungu hutandaza matawi kama mwavuli, na huko chini mizizi nayo hutanda. Mkuyu na jamaa zake ni wabaya zaidi. Mimi sipandi mti mkubwa chini ya hatua kumi na tano kutoka shimoni au kwenye msingi wa nyumba. Kama ni maji ya bafuni yanayokusumbua, weka mgomba.

Iksora zangu za Raskazone zina majani ya njano, ila mishipa yake imebaki kijani. Ni ugonjwa?

Ni njaa ya madini ya chuma. Udongo wenye mawe ya matumbawe huyafunga madini hayo, mizizi isiyapate hata yakiwepo. Chimba shimo pana, changanya samadi iliyooza vizuri na majani makavu, na usimwage mabaki ya saruji au chokaa karibu. Bora zaidi ni kuzihamishia kwenye vyungu.

Nilinunua ua la Usambara, lile la zambarau, nikalipanda uwanjani. Limekufa kwa wiki moja. Si ua la kwetu?

La kwetu kabisa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala huku, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, na leo limo madirishani dunia nzima. Lakini kwao ni kwenye mawe ya msituni, penye kivuli na unyevu. Wewe umelitia kwenye jua la saa saba.

Safari hii liweke kwenye chungu, barazani, mahali penye mwanga ila jua lisilipige. Maji mwagia udongoni, majani yasilowe. Wala usiende kuling'oa msituni, huko limebaki kidogo. Omba jani moja kwa jirani mwenye nalo, lichomeke kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya miezi michache utaona vitoto vinachungulia chini yake.