Kigogo kimegeuza maji kuwa strungi

Swali: Niliokota kigogo kando ya Ziwa Naivasha, nikakisuuza na kukitia kwenye tangi la samaki la lita 60. Kinaelea, na maji yamekuwa kama strungi. Samaki watakufa? – Msomaji, South B, Nairobi

Jibu: Rangi hiyo haiwaui, ni tanini, kemikali ya asili itokayo kwenye mti, nayo hushusha pH kidogo tu, yaani maji huwa na asidi zaidi kidogo. Hata hivyo kitoe, maana kusuuza hakutoshi. Kidunge kwa ukucha: ukizama, kimeoza, kitupe. Kikiwa kigumu, kisugue kwa brashi bila sabuni, kichemshe saa 2, kisha kiloweke ndooni ukibadilisha maji kila siku hadi kizame chenyewe, pengine wiki kadhaa. Utando mweupe ukiota baadaye ni ukungu, usugue tu. Na kama ni mkaratusi mbichi unaonukia mafuta, usihangaike: hizo ni kuni.