Kabla ya kupanda seli, litazame kwanza tone la maji

Wanafunzi wanaoanza kutengeneza vibadala vya mfupa au ngozi huniuliza wapake nini juu ya polima (plastiki ya kubebea seli) ili seli zishike. Huwa nawarudisha nyuma kidogo: seli haiigusi polima yenyewe. Ukishamimina majimaji yenye seramu (maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake), protini ndizo zinazowahi kutanda juu ya uso ule, na seli zikitua zinakuta tabaka hilo. Zinachoshika ni protini kama fibronektini na vitronektini. Kwa hiyo andaa uso ambao protini hizo zitakaa bila kupoteza umbo ambalo seli inalitambua.

Anza na njia rahisi. Kwa polikaprolaktoni, polima ninayoifahamu zaidi, ni kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ila nunua ya kiwango cha maabara. Hukata vifungo vya esta (viungo vya mnyororo wa polima) vya juu na kuacha vikundi vya kaboksili na haidroksili, ambavyo hupenda maji. Dondosha tone la maji kwenye kipande ambacho hakijatiwa dawa na kwenye kilichotiwa, upige picha kwa simu ukiwa ubavuni. La kwanza litasimama mviringo kama shanga, la pili litalala na kutanuka. Usizidishe muda, maana nyuzi nyembamba za polima huliwa hadi zikakatika. Kisha suuza, rudia kusuuza, na upime pH ya maji ya mwisho. Alkali iliyojificha kwenye vitundu huua seli, nawe ukadhani uso ndio mbaya.

Ila uso kupenda maji kupita kiasi si sifa. PEG (polietilini glikoli), polima nyingine, hupenda maji mno, na hutumika kuzuia protini na seli zisishike.

Njia ya plazma ya oksijeni (gesi iliyotiwa umeme) ni ya haraka, lakini kwenye PDMS, aina ya silikoni, nguvu yake huanza kufifia baada ya saa chache. Panda seli siku hiyohiyo.

RGD, mfuatano wa asidi amino tatu ambao Pierschbacher na Ruoslahti waliutambua ndani ya fibronektini mwaka 1984, ni ghali. Ukiutumia, weka na RGE (mfuatano unaofanana nao ila seli haziutambui) pembeni kama kidhibiti, la sivyo huwezi kudai kwamba ni integrini, protini za seli zinazoutambua RGD, zilizoshika.

Na tafadhali, tenganisha kushika na kukua. Hesabu seli saa chache baada ya kupanda, ukishasuuza taratibu, halafu siku ya 3 na ya 7. Ukihesabu siku ya 7 peke yake, hutajua kama seli zimeongezeka au zilishika nyingi tangu mwanzo.