Nozeli za Trekta Zinazokufa Kabla ya Wakati

SWALI: Fundi, nakusalimu. Marehemu baba aliniachia trekta aina ya Massey Ferguson 135, ambayo natumia kulimia shamba letu la Mwakirunge na kuvutia trela la mchanga. Tangu masika yaliyopita inatoa moshi mweusi, inagonga, na asubuhi inawaka kwa taabu. Nimebadilisha nozeli zote tatu mara mbili katika miezi 14, na sasa fundi wangu anataka ninunue seti ya tatu. Je, nimsikilize? (Msomaji wa kike, Kisauni, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, pole kwa gharama hizo, na nakuomba usinunue kitu bado. Trekta hizi zilitengenezwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na nyingi zilifungwa injini ya Perkins ya silinda tatu, yenye ujazo wa takriban lita 2.5, ambayo nozeli zake, yaani vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zikipata dizeli safi hufanya kazi misimu mingi. Seti mbili zikiharibika upesi hivyo, kosa si la nozeli. Kuna kitu kinachoziua, na seti ya tatu itauawa vilevile.

Ndani ya nozeli mna sindano inayopanda na kushuka katika tundu lililosagwa kwa usahihi mkubwa, kiasi kwamba nafasi iliyopo baina yake na ukuta ni elfu chache tu za milimita. Sindano hiyo haina grisi wala oili; kinachoilainisha ni dizeli yenyewe. Tone la maji likifika hapo huleta kutu, na chembe ya vumbi huikwaruza au kuikwamisha, basi dizeli hudondoka badala ya kutoka kama ukungu, haiungui yote, na moshi mweusi ndio ushahidi wake.

Maji hayo hutoka wapi? Kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi. Trekta ikilala na tangi nusu tupu, usiku hewa iliyomo hupoa, unyevu hugeuka matone kwenye kuta za tangi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hutuama chini, palipo mdomo wa bomba. Kwa hiyo jaza tangi jioni baada ya kazi, si asubuhi. Vua tangi ulioshe, badilisha filta, na kila asubuhi kabla ya kuwasha fungua kizibo cha chini ya filta umwage kidogo katika chupa ya kioo uone kama kuna maji. Chunguza pia madumu unayobebea dizeli. Ukinunua mafuta ya bei isiyo ya kawaida kando ya barabara, huenda yamechakachuliwa kwa mafuta taa, ambayo ni mepesi na hayalainishi pampu wala sindano ipasavyo. Ni kwa sababu ya uchakachuaji huo serikali ilianza mwaka 2018 kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa.

Hayo yakishafanyika, itafute silinda yenye kasoro. Injini ikinguruma polepole, fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja, aikaze, kisha ahamie nyingine. Ukilegeza na mlio wa injini ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, hapo ndipo pa kushughulikiwa. Nasisitiza kwa moyo wote: afunike nati kwa kitambaa kinene, avae miwani, na asiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka. Dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, na tundu likionekana dogo kama la sindano, ndani nyama huharibika. Anayepatwa na hilo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama hasikii maumivu.

Nozeli zikitolewa, zipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya mkono ya kupimia. Mwombe akuonyeshe mambo matatu: shinikizo ambalo nozeli hufunguka, ambalo lazima lilingane na kitabu cha injini yako, ukungu unaotoka sawasawa katika kila tundu, na ncha inayobaki kavu shinikizo linapokaribia kufungua. Mara nyingi springi iliyolegea hurekebishwa kwa gharama ndogo, na nozeli huendelea na kazi. Wakati wa kuzirudisha, ziwekewe washa (pete bapa) mpya za shaba, moja kwa kila nozeli, kwani washa mbili huinyanyua ncha na kuharibu mwelekeo wa mafuta. Nati za kushikilia zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, na hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli itolewe kuanzia kwenye filta, kisha kwenye pampu, na mwisho kwenye nozeli.

SWALI: Je, naweza kuzibua matundu ya nozeli kwa waya wa chuma? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Matundu hayo hayafiki nusu milimita, na waya wa chuma huyapanua. Loweka ncha katika dizeli safi, kisha sugua masizi ya nje kwa burashi ya shaba. Usichanganye sindano ya nozeli moja na mwili wa nyingine, kwa sababu vilisagwa pamoja viwandani. Kama waya umekwisha kupita, ipeleke ikapimwe. Ukungu ukiegemea upande mmoja, badilisha sindano na mwili wake kwa pamoja.