Nyumba ya zamani inapasuka ukuta? Fuata maji kabla ya kununua saruji

Fundi akiitwa kutazama ufa, mara nyingi huja na mwiko. Anauziba, anapiga rangi, na masika yakipita ufa umerudi palepale. Plasta haizuii msingi unaoshuka, na fundi anayeanza na plasta anakuuzia kazi ya mwakani.

Usome ufa kwanza. Ulio chini ya milimita 1 na unaoishia kwenye plasta kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka mno, uache. Wa kuhofia ni ule unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, ukaonekana ndani na nje. Ukiwa mpana juu kuliko chini, kona ya nyumba ndiyo inayoshuka. Ukiwa mpana chini, ukuta unazama katikati. Mulika tochi ndani yake: vumbi, utando wa buibui au rangi ya zamani vinaonyesha ufa wa siku nyingi; kingo safi na zenye ncha kali ni za ufa mpya.

Chora alama ya penseli kila upande wa ufa, pima kati yake kila baada ya wiki mbili, na uandike tarehe hapohapo ukutani. Ufa unaofunguka kiangazi na kujibana wakati wa mvua ni wa udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kama ule wa Embakasi na Athi River kule Kenya. Unaokua tu bila kurudi ni wa msingi unaoshuka. Ukifika milimita 5 na bado unakua, au ukuta umeanza kuinama, muite mhandisi. Nyumba ya ghorofa usiijaribu na fundi peke yake.

Wakati unapima, shughulikia maji. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 humwaga lita 5,000, na kama hakuna gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, zote zinaangukia kando ya msingi. Kwenye mchanga maji hayo huhamisha chembe ndogondogo na kuacha uwazi chini. Kwenye udongo wa mfinyanzi huulainisha hadi ushindwe kubeba mzigo. Funga gata na upeleke maji angalau mita 3 kutoka ukutani. Mwaga sakafu ya zege ya upana wa mita 1 kuzunguka nyumba, ishuke sentimita 5 kuelekea nje. Karo la maji machafu linalovuja ni baya kuliko mvua, maana halina kiangazi. Bomba nalo lina kipimo rahisi: funga koki zote usiku, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri. Imesogea? Kuna mahali panavuja.

Mti mkubwa ulio karibu na ukuta kwenye mfinyanzi usiukate kwa pupa. Udongo ambao mizizi ilikuwa ikiukausha utajaa maji, utavimba na kuinua msingi.

Maji yakishadhibitiwa, nyufa nyingi hutulia. Zisipotulia, chimba shimo la ukaguzi kwenye kona hadi uone chini ya msingi. Nyumba nyingi za zamani zimekaa juu ya mawe na udongo, sentimita 40 tu chini, bila zege. Hapo ndipo unapohitajika msingi mpya chini ya ule wa zamani, nao hujengwa kwa vipande vya mita 1. Egemeza kwanza linta za madirisha, yaani mihimili iliyo juu yake, kwa mirunda. Fungua kipande cha 1, kisha cha 4, kisha cha 7. Kamwe usifungue viwili vinavyopakana. Chimba hadi udongo mgumu, umwage zege la 1:2:4: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, maji yasizidi lita 27. Kipande cha upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50 hula karibu mifuko miwili.

Zege lisiguse msingi wa zamani. Acha pengo la sentimita 7 au 8, subiri siku mbili, kisha ulijaze kwa saruji na mchanga 1:3 yenye unyevu kidogo tu, inayoshikana ukiifinya kiganjani bila kutoa maji. Ishindilie kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka igome. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi anamwaga zege hadi juu, linasinyaa likikauka, ukuta unabaki unaning'inia na kushuka tena. Subiri siku mbili nyingine kabla ya kufungua kipande jirani. Kwa hiyo usimpe fundi kazi hii kwa bei ya mkupuo. Atafungua vipande vitatu kwa mpigo ili awahi kumaliza. Mlipe kwa siku, na ukague kila pengo kabla halijafukiwa.

Ufa wenyewe uzibe msimu mzima wa mvua ukishapita bila alama kusogea. Kila baada ya kozi (mistari) mbili za tofali, chonga mfereji wa kina cha sentimita 4 kukatiza ufa, laza nondo ya milimita 8 yenye urefu wa mita 1, nusu kila upande, ujaze kwa saruji na mchanga 1:3. Wavu wa kuku juu yake, kisha plasta.